Unapovuta karavani: Ni kioo kipi kitakachokuambia ukweli wa nyuma?

Na Mwandishi Wetu

KILA yafikapo majira ya joto nchini Uingereza, barabara kuu ziendazo kwenye fukwe za Cornwall, Devon na Wales hujaa magari madogo yanayokokota vijumba vyeupe vya magurudumu. Vijumba hivyo ndivyo viitwavyo karavani. Ndani yake mna vitanda, jiko, meza na mara nyingi choo, na familia huweza kukaa humo wiki nzima pasipo kulipia chumba cha hoteli.

Mtindo huo si wa jana wala juzi. Mwaka 1885 daktari mmoja aliyewahi kutumikia jeshi la majini, William Gordon Stables, alijiundishia karavani ya kukokotwa na farasi, akaipa jina la The Wanderer na kuzunguka nayo nchi kwa matembezi tu. Mwaka 1907 wapenzi wa safari za aina hiyo wakaanzisha chama chao, ambacho hata leo kingali hai kwa jina la Caravan and Motorhome Club. Farasi walipoondoka na motokaa kushika nafasi yao, likazuka swali ambalo halikumsumbua sana Dakta Stables: kinachokuja nyuma ni nini, kiko mbali kiasi gani, na kinakuja kwa kasi ipi?

Dereva anayefunga karavani nyuma ya gari lake kwa mara ya kwanza hukutana na swali hilo kabla hata hajatoka uani. Kioo cha ndani, kile kilicho juu katikati, humwonyesha dirisha la mbele la karavani na pengine hakuna kingine. Vioo vya pembeni, ambavyo mafundi wetu wa mitaani huviita "saitimira", navyo humrudishia ukuta mweupe na kijisehemu chembamba cha barabara. Gari lililokuwa likionekana vyema dakika moja iliyopita limetoweka. Pikipiki iliyo mita kumi nyuma ya karavani, kwa macho ya dereva huyo, haimo tena duniani.

Sababu yake ni upana. Gari la kawaida la familia, ukiacha vioo vyake, lina upana wa mita 1.8 hivi. Karavani nyingi za Uingereza zina upana wa kati ya mita 2.2 na 2.3, na sheria ya huko huruhusu hadi mita 2.55. Kwa hiyo kila ubavu wa karavani hutokeza nje ya bodi ya gari kwa sentimita 20 au zaidi. Vioo vya gari navyo hutokeza, lakini sehemu yao kubwa hubaki ndani ya mstari wa ubavu wa karavani, na kioo kilicho ndani ya mstari huo hakiwezi kuona kilicho nje yake, hata ukigeuze namna gani.

Ndipo vinapohitajika vioo vya nyongeza, yaani vioo vyenye mkono vinavyobanwa juu ya vile vya gari ili vitokeze nje zaidi. Madukani viko vya kila umbo na kila bei, na mnunuzi asiye na mwongozo huchukua ama vilivyo rahisi kuliko vyote, ama vile vinavyoonyesha eneo kubwa kuliko vyote. Chaguo la kwanza lina hatari inayojulikana. Chaguo la pili lina hatari ambayo wengi hawaifikirii, nayo ndiyo itakayotushughulisha zaidi katika makala haya.

Sheria inataka nini

Nchini Uingereza, anayevuta tela au karavani iliyo pana kuliko sehemu ya nyuma ya gari lake analazimika kufunga vioo vinavyofaa. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi paundi 1,000 na kuandikiwa alama tatu za makosa katika leseni. Alama hizo si jambo la kupuuza. Dereva anayefikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu huweza kufungiwa kuendesha, na yule ambaye hajatimiza miaka miwili tangu apate leseni yake ya kwanza hupokonywa leseni hiyo akifikisha alama sita tu. Jozi ya vioo vizuri hugharimu chini ya sehemu moja ya kumi ya faini hiyo.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu tarehe 16 Desemba, 2021. Kabla ya hapo, dereva aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia Januari 1, 1997 alitakiwa kufanya mtihani mwingine kabla ya kuvuta matela mengi mazito. Sharti hilo liliondolewa, na sasa dereva wa leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kuvuta tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500, almradi gari lake lina uwezo huo. Wapo basi barabarani watu wanaovuta karavani ya tani moja na nusu pasipo kuketi hata siku moja na mwalimu. Miongoni mwao wamo pia ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki waliohamia huko, waliojifunza gari ukubwani na ambao hawakukulia katika nyumba zenye karavani uani.

Je, kioo "kinachofaa" ni kipi? Kanuni zinatoa kipimo, nacho ni kipimo kizuri kwa sababu mtu yeyote anaweza kukihakiki mwenyewe. Dereva akiwa ameketi kitini pake, aweze kuona kwa kila kioo cha nje eneo la barabara lenye upana wa mita 4, likianzia kwenye mstari wa ubavu wa karavani kwenda nje, katika umbali wa mita 20 nyuma ya macho yake. Karibu zaidi, yaani mita 4 tu nyuma ya macho yake, aone upana wa mita 1.

Mita 20 zinasikika kuwa nyingi, lakini kumbuka kwamba zinapimwa kutoka machoni, si kutoka mwisho wa karavani. Ukitoa urefu wa nyuma ya gari, kifungio na karavani yenyewe, ambayo bodi yake huweza kufikia mita 7, utakuta kwamba mstari huo wa mita 20 uko kiasi cha mita kumi tu nyuma ya taa za karavani.

Kipimo hicho hufanyika katika uwanja wa maegesho ulio mtupu. Simamisha gari na karavani vikiwa vimenyooka. Mtu mmoja aketi kwenye usukani. Mwingine achukue utepe wa kupimia, ahesabu mita 20 kwenda nyuma, kisha aweke ndoo au chupa ya maji mahali penye mstari wa ubavu wa karavani, na nyingine mita 4 nje ya hapo. Dereva akiziona zote mbili katika kioo kimoja bila kuinama wala kunyoosha shingo, upande huo umefaulu. Halafu upande wa pili. Kazi yote haichukui robo saa, na ni afadhali ifanyike kabla ya kutupa risiti ya duka.

Yafaa pia kuitazama alama iliyochongwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kilichopimwa na kuidhinishwa kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za magari huwa na herufi E ndani ya duara, na mbele yake namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 kwa Ujerumani, 2 kwa Ufaransa, 3 kwa Italia, 11 kwa Uingereza. Bidhaa isiyo na alama hiyo iwekwe chini, hata kama muuzaji anaapa.

Bapa au mbinuko?

Hapa ndipo penye kiini cha uchaguzi. Vioo vya nyongeza huuzwa kwa namna mbili. Kuna kioo bapa, kama kile cha chumbani, na kuna kioo mbinuko, ambacho uso wake umevimba kidogo kuelekea kwa mtazamaji. Kwa macho tofauti ni ndogo, na mara nyingi huwezi kuitambua ila kwa kupitisha rula juu yake. Barabarani tofauti hiyo ni kubwa mno.

Aliyesoma fizikia ya sekondari atakumbuka. Kioo bapa hutoa taswira yenye ukubwa uleule wa kitu chenyewe, ikiwa umbali uleule nyuma ya kioo. Lori lililo mita 20 huonekana kama lori lililo mita 20. Kioo mbinuko hukusanya eneo pana na kulibana ndani ya uso mdogo, na kwa kufanya hivyo hupunguza ukubwa wa kila kitu. Nao ubongo wa binadamu, uliozoea kwamba kidogo ni cha mbali, hudanganyika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kanuni huruhusu kioo kikuu cha nje kiwe na mbinuko ambao nusukipenyo chake hakipungui mita 1.2. Tuseme umefunga kioo chenye mbinuko huo mkali kabisa upande wa dereva, sentimita 90 kutoka machoni pako. Gari lililo mita 20 nyuma ya macho yako litaonekana humo kwa ukubwa wa gari lililo mita 50 hivi. Ikiwa wewe unakwenda maili 60 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kabisa kwa mwenye karavani kwenye barabara kuu za Uingereza, na mwenzako anakuja kwa maili 70 anazoruhusiwa mwenye gari tupu, atakufikia katika sekunde nne na nusu. Kioo kimekuashiria kwamba unazo sekunde 11. Katika tofauti hiyo ya sekunde sita na ushei ndimo dereva anapowasha taa ya kulia na kutoka kulipita lori, akimfungia njia aliyekwisha kumfikia.

Kwa hiyo mbona tusinunue bapa kwa pande zote mbili na kuyamaliza? Wapo madereva wazoefu wafanyao hivyo, lakini jiometria haiwasaidii. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 20, kikiwa upande wa dereva karibu na macho, huonyesha eneo la mita 4 na ushei kule nyuma, yaani kiasi kinachotakiwa. Kioo kilekile ukikipeleka upande wa abiria, ambako kiko mita moja na nusu au zaidi kutoka machoni, eneo lake husinyaa hadi pungufu ya mita 3. Ni sawa na kuchungulia dirishani: ukilisogelea unaona mtaa mzima, ukirudi nyuma ya chumba unaona mti mmoja. Ili kupata mita 4 upande wa abiria kwa kioo bapa ungehitaji kioo kikubwa kama trei ya chai, na upepo wa barabarani usingekiacha kitulie.

Jibu linalowafaa wengi, na ambalo makala haya yanaliunga mkono, ni kutumia aina zote mbili: bapa upande wa dereva, mbinuko upande wa abiria. Nchini Uingereza, kama ilivyo Tanzania na Kenya, magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Upande wa kulia ndio unaotazamwa unapotaka kutoka na kulipita gari la mbele, na hapo ndipo unapohitaji kioo kisichodanganya umbali wala kasi. Upande wa kushoto unahitaji zaidi upana: kuona ukingo wa barabara, gurudumu la karavani linavyoukaribia, baiskeli iliyojipenyeza.

Hata hivyo mpango huo una mtego mmoja, na haielekei kuwa wauzaji wengi huutaja. Baada ya kulipita lori unapaswa kurudi kushoto, na kioo unachokitegemea kwa uamuzi huo ni kile mbinuko, tena kikiwa mbali na macho. Kadiri kioo mbinuko kinavyokuwa mbali ndivyo kinavyozidi kupunguza. Kwa hesabu ileile ya awali, lori lililo mita 20 nyuma yako huonekana kwenye kioo cha kushoto kana kwamba liko zaidi ya mita 70. Na zile mita 20, tukumbuke, ni mita kumi tu nyuma ya karavani. Dereva anayerudi upesi kwa kuamini taswira hiyo humlazimisha mwenye lori kukanyaga breki, na lori lenye tani 40 halisimami kwa hisani.

Dawa yake ni kutoamini ukubwa wa taswira bali kutafuta ishara nyingine. Ngoja hadi uione sura yote ya mbele ya lori, taa zote mbili, na kipande cha kutosha cha lami tupu kati yako nalo. Lami hiyo ndiyo shahidi. Iwapo kioo chako cha nyongeza hakijakifunika kabisa kile cha awali cha gari, vitazame vyote viwili, kwa kuwa vikitofautiana katika kukuonyesha umbali utakuwa umejifunza jambo. Na kwa juma la kwanza, abiria aliye kushoto anaweza kugeuka na kukuthibitishia kwa mdomo. Si fedheha.

Namna ya kukishika

Kioo kinachotetema hakina faida, hata kiwe bapa, mbinuko au cha dhahabu. Taa za gari la nyuma hugeuka kuwa michirizi, na dereva huishia kutokitazama kabisa. Nguvu ya upepo hukua kwa haraka kuliko mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, upepo unaosukuma kioo huongezeka mara nne. Lori linapokupita karibu, msukumo huo huja kwa kishindo.

Vioo vingi vya bei ya wastani hushikiliwa na vibano viwili vyenye skrubu, kimoja juu na kingine chini ya ganda la kioo cha gari. Hivi ndivyo vinavyotulia kuliko vingi, mradi ganda hilo liwe na ukingo wa kushikika. Vingine hufungwa kwa mikanda ya mpira inayozunguka ganda zima. Hufungwa kwa sekunde chache na huenea karibu kila gari, ila hulegea njiani na kumfanya dereva asimame kuvinyoosha tena. Vipo pia vya kunatia kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya uso wa gari. Kwenye baridi, mvua au vumbi hubanduka, na sioni sababu ya mtu kuvitegemea kwa safari ya zaidi ya mtaa.

Daraja la juu ni vile vilivyofinyangwa kufuata umbo la kioo cha gari la aina moja tu. Kampuni ya EMUK ya Ujerumani inajulikana kwa kazi hiyo, ilhali Milenco ya Uingereza inajulikana zaidi kwa vile vya vibano vinavyofaa magari mengi. Vya umbo maalumu hutulia sana, lakini siku utakapobadili gari utabaki navyo kama ukumbusho.

Mkono mfupi hutetema kidogo kuliko mrefu, kwa hiyo usinunue urefu usioutumia. Kanuni za Uingereza zenyewe zinaweka mpaka: kioo kisitokeze zaidi ya milimita 250, yaani robo mita, nje ya ubavu wa karavani. Kwa mwenye gari pana na karavani nyembamba, mkono mfupi watosha. Mwenye gari dogo na karavani ya mita 2.3 apime kwanza tofauti ya kila upande kabla ya kwenda dukani, wala asikisie.

Yapo mambo madogo ambayo huharibu siku. Magari mengi ya sasa hukunja vioo vyake yenyewe kila mlango unapofungwa kwa ufunguo. Zima mtambo huo kabla ya kufunga vya nyongeza, la sivyo mota itajaribu kuukunja mzigo usio wake na pengine kuungua. Futa ganda la kioo kwa kitambaa kibichi kwanza, kwani chembe moja ya mchanga chini ya kibano huchora rangi kama msumari. Angalia kibano kisifunike taa ya kuashiria kona iliyo kwenye ganda, wala kile kitaa kidogo kinachoonya kwamba kuna gari pembeni. Aidha, kioo cha nyongeza hakina waya wa kukipasha joto kama kile cha gari, hivyo asubuhi yenye umande au barafu kitahitaji kufutwa kwa mkono.

Kioo cha kweli na cha plastiki kilichopakwa kiakisi vyote huuzwa. Cha plastiki ni chepesi na hakivunjiki upesi, lakini hukwaruzika kila kinapofutwa, na baada ya misimu miwili mitatu jua la jioni likikipiga kinageuka ukungu mtupu. Cha kioo ni kizito zaidi na picha yake ni safi. Mwenye gari lenye ganda imara achukue cha kioo.

Kwenye njia nyembamba za Cornwall na Devon, zilizozungushiwa kuta za mawe na nyasi pande zote mbili, karavani mbili zikikutana vioo hugongana. Hilo hutokea kwa waungwana kabisa, wakienda polepole na kupungiana mikono. Kwa sababu hiyo mkono unaoweza kujikunja ukigongwa ni bora kuliko ule uliokazwa kama chuma cha reli, kwani ule wa pili hung'oka pamoja na kioo cha gari, na hicho ndicho chenye gharama. Mkazi wa Dar es Salaam anayechonga namba ya gari kwenye vioo vyake ili wezi wasivitamani hahitaji kuelezwa bei ya kukibadilisha.

Kamera je?

Wapo wanaouliza iwapo kamera iliyofungwa nyuma ya karavani haiwezi kuchukua nafasi ya vioo hivi. Kamera ya kawaida ya kurudi nyuma inafaa sana kwa kazi moja ambayo vioo haviwezi kuifanya, yaani kuonyesha kilicho nyuma kabisa ya karavani. Hata vioo bora kuliko vyote huonyesha pande mbili tu, na katikati hubaki giza. Lakini kamera hiyo haimwondolei dereva wajibu wa kufunga vioo, na lenzi zake pana hupunguza taswira kuliko kioo mbinuko chochote.

Kuna pia magari ambayo yameacha vioo vya pembeni na kuweka kamera ndogo katika mkono mwembamba, kama baadhi ya yale ya umeme ya Audi e-tron yaliyoanza kutangazwa mwaka 2018. Gari la namna hiyo halina ganda la kubanwa kitu. Anayefikiria kununua gari ili avute karavani amwulize muuzaji suala la vioo siku ileile anapouliza nguvu ya injini.

Ukivuka bahari

Wenye karavani wa Uingereza hupenda kuvuka kwenda Ufaransa, kwa feri kutoka Dover hadi Calais au kwa treni ya chini ya bahari iliyofunguliwa mwaka 1994. Wakishuka ng'ambo hupita upande wa kulia wa barabara, ilhali usukani wa gari lao umebaki kulekule kulia. Sasa anayetaka kulipita lori hutoka upande wa kushoto, na kioo cha kushoto, kile mbinuko kilicho mbali na macho, ndicho kinachobeba uamuzi mzito. Mpango wote tuliouelezea umepinduka.

Ndiyo maana ni busara kununua jozi ambayo vioo vyake vinaweza kuhamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, au kuongeza kioo kimoja bapa kwa ajili ya kushoto. Kioo bapa kilicho mbali kitaonyesha eneo jembamba, hivyo wapo wanaofunga viwili upande huo, bapa na mbinuko, kimoja juu ya kingine, kama wafanyavyo madereva wa malori. Usukani ukiwa kulia hata kukiona kilicho mbele ya lori ni shida, na msaada wa abiria wa kushoto hugeuka kuwa nusu ya udereva. Mwendo wa kutulia nyuma ya lori, hata likienda kilomita 90 kwa saa, hauchelewishi likizo kwa kiasi cha kutajika.

Mkishafika kambini na karavani ikafunguliwa, vioo navyo vifunguliwe. Gari lililo peke yake halivihitaji, na vikibaki vimetokeza vitampiga bega mpanda baiskeli au mtembea kwa miguu wa kijijini. Vifungwe kila kimoja katika kitambaa laini, uso kwa uso visigusane, na viwekwe kwenye buti la gari badala ya kabati la karavani, maana asubuhi ya kuondoka ndivyo vitakavyotafutwa kwanza. Vikirudishwa, vipimwe upya dereva akiwa ameketi kama atakavyoketi njiani, hasa kama mke na mume hupokezana usukani na mmoja ni mrefu kuliko mwingine.